Pima Kabla ya Kuinua Kiti cha Nyuma

Ndugu zangu, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika, asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi.

Hapa mezani kuna pampu mbili za petroli. Zote ni za Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita moja na nusu mnayoikuta kwenye IST, Raum, Probox na Fielder. Ya kulia imekufa. Ya kushoto ni nzima kabisa, haina kosa hata moja, ila ilitolewa ikawekwa nyingine mpya, na gari likaendelea kukata vilevile. Ukizitazama kwa macho hazina tofauti. Kwa hiyo leo sitaanza na spana. Nitaanza na vipimo, kwa sababu pampu ya mafuta ni kifaa kinachosingiziwa sana, na anayelipia usingiziaji huo ni mwenye gari.

Kwanza tuijue. Pampu hii hukaa ndani ya tenki, imezama kwenye petroli. Ni mota ndogo ya volti 12, unene wake karibu milimita 38, umbo la betri kubwa ya tochi. Chini ina chujio laini kama soksi, kisha gurudumu dogo la plastiki lenye meno, ambalo mafundi huliita impela, kisha mota yenyewe, na juu kuna vali inayozuia mafuta yasirudi. Petroli hupita katikati ya mota. Ndiyo inayoipoza, ndiyo inayoilainisha.

Watu huuliza, umeme ndani ya petroli haulipui? Hauwezi, kwa kuwa petroli haiwaki bila hewa. Mvuke wake huwaka ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya pampu hakuna hewa, na ndani ya tenki lililofungwa mvuke ni mzito kupita kiwango hicho. Hatari huanza pale unapofungua kifuniko na hewa ikaingia. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Kwa kuwa mafuta ndiyo kipoozeo, mtu anayeendesha kila siku taa ya mafuta ikiwa inawaka anaichemsha pampu yake. Tenki likiwa chini, mafuta huyumba kwenye kona na mlima, pampu inavuta hewa kwa nukta chache, joto linapanda, kaboni zinazopeleka umeme kwenye mota zinalika. Pia maji na uchafu vyote vinakaa chini kabisa ya tenki, palepale soksi inapovuta. Robo tenki iwe ndiyo sifuri yako.

Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli hulaumiwa kwa kila pampu iliyokufa. Uchanganyaji ni tatizo la kweli. Ndiyo maana Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Lakini mafuta ya taa huonekana zaidi kwenye injini: inagonga, inatoa moshi, inakosa nguvu. Kinachoua pampu ni joto, maji na mchanga, hasa mafuta ya madumu yaliyomiminwa bila kuchujwa.

Na kuna kosa la kiwandani. Mwaka 2020 Toyota iliita magari yarudishwe kwa ajili ya pampu zilizotengenezwa na Denso, na kufikia mwishoni mwa mwaka huo idadi ilipita milioni tano duniani. Ile impela ya plastiki niliyowaonyesha ilikuwa inaweza kunywa petroli, ikavimba, ikakwaruza nyumba yake na kusimama. Walioagiza gari lililotumika Japani, lililoundwa miaka michache kabla ya 2020, waingize namba ya chesi kwenye tovuti ya Toyota ya Japani na kuangalia kama kazi hiyo ilifanyika.

Sasa dalili. Pampu inayochoka haifi ghafla mara zote. Gari linakuwa zuri asubuhi, kisha baada ya saa moja ya foleni na jua linakata. Ukilipumzisha dakika ishirini linawaka kama si lenyewe. Au linakosa nguvu mlimani likiwa na abiria wanne, lakini tambarare halina neno. Au linahitaji starta ndefu likishalala usiku kucha. Au kuna mlio mwembamba unaotoka chini ya kiti cha nyuma, unaoongezeka kadiri tenki linavyopungua. Mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu ya gari inaweza kuonyesha P0171, maana yake mafuta ni machache kuliko hewa.

Hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyo ya pampu peke yake. Plagi, koili, sensa ya hewa iliyochafuka, eksozi iliyoziba ndani, zote huzaa mambo yanayofanana na hayo. Ndiyo sababu ya vipimo.

Anza na kisicho na gharama. Wengi hufungua swichi bila kupiga starta, wanatega sikio, hawasikii kitu, wanatoa hukumu. Toyota nyingi za zamani haziwashi pampu kwa kufungua swichi tu. Kompyuta husubiri ione injini inazunguka ndipo iruhusu rilei ya pampu, ile swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Kwa hiyo sikiliza mwenzako akiwa anapiga starta, nawe umefungua kifuniko cha tenki na kuweka sikio karibu. Ukisikia mvumo, pampu inapata umeme na inazunguka. Hujajua bado kama inasukuma vya kutosha.

Kwa kuwa kompyuta husubiri injini izunguke, sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ikifa pampu nayo hunyamaza. Hapa ndipo pampu nzima hutupwa jalalani. Kagua cheche: kama hakuna cheche na hakuna pampu kwa pamoja, tafuta sensa ya krenki au fyuzi kuu ya EFI, yaani ya mfumo wa kudunga mafuta, achana na tenki. Kagua pia taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Mfumo wa kuzuia wizi ukigoma, nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini na cheche zinaweza kufungwa hata kama pampu ni nzima.

Fyuzi ya EFI itoe uitazame, kisha uipime kwa mita. Ufa wa fyuzi mwingine hauonekani kwa macho. Rilei ya pampu, iliyoandikwa C/OPN kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi, ibadilishane na nyingine yenye namba ileile. Gari likiwaka umemaliza kazi kwa bei ya rilei. Kwenye Land Rover na Ford za zamani kuna swichi ya mgongano inayokata pampu gari likigongwa, na wakati mwingine hata likiruka shimo kubwa. Ina kitufe juu; bonyeza.

Halafu kuna jambo la kwetu hapa ambalo vitabu vya kiwandani havilitaji. Magari yetu mengi yamefungwa alamu au kifaa cha kufuatilia, na mfungaji amekata waya wa pampu akapachika rilei yake ya kuzimia gari. Kiungo kile mara nyingi kimesokotwa kwa mkono na kuzungushwa utepe. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya joto na mtikisiko kinalegea, na gari linaanza kukata barabarani bila mpangilio. Fuata waya chini ya dashibodi upande wa dereva, tafuta utepe mweusi ambao si wa kiwanda. Ukiukuta, unganisha waya upya kwa risasi ya kuyeyusha au kwa kiungo cha kubana, kisha ujaribu gari siku tatu kabla ya kufanya lolote jingine.

Kama yote hayo ni mazima, pima umeme penyewe kwenye pampu. Nyanyua kiti cha nyuma: vuta kwa nguvu ukingo wa mbele, upande mmoja kisha wa pili, klipu zitaachia. Kwenye Corolla, Fielder, IST na nyingi za aina hiyo utaona kifuniko cha bati kilichogandishwa kwa gundi nyeusi nzito. Kabla hujakigusa, futa vumbi lote kwa kitambaa kibichi. Vumbi letu jekundu likiingia tenkini litakuwa ndani ya soksi mpya ndani ya wiki. Kisha ingiza bisibisi bapa taratibu, banua, utaiona soketi ya pampu.

Pima pampu ikiwa inafanya kazi, soketi ikiwa imechomekwa, kwa kuingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi. Soketi ikichomolewa, mita itakuonyesha volti 12 safi hata kama waya umebakiwa na uzi mmoja, kwa sababu hakuna mzigo. Injini ikiunguruma betri husoma kati ya 13.5 na 14.5, kwenye pampu pasipungue zaidi ya nusu volti. Kama betri ina 14 na pampu ina 11.5, njia ya umeme ina ugonjwa. Hamisha ncha hasi ya mita kutoka kwenye waya wa ardhi wa pampu uipeleke kwenye bodi. Volti zikipanda, ardhi ndiyo mbovu. Zisipopanda, tafuta upande wa chanya.

Sasa naomba soketi hii ipitishwe mikononi mwenu. Tazameni tundu la pili kutoka kushoto: plastiki imegeuka kahawia, ukingo umeyeyuka kidogo kama nta. Hiki ndicho kilichomhukumu yule mwenzetu wa kushoto mezani. Fanyeni hesabu. Pampu inavuta takriban ampea 5. Kutu ndogo ya omu 0.4 kwenye kiungo hiki inakula volti 2, na volti 2 mara ampea 5 ni wati 10 za joto, ndani ya kitu chenye ukubwa wa ukucha. Pampu inabaki na volti pungufu, inazunguka polepole, presha inashuka. Ukifunga pampu mpya kwenye soketi hii, nayo itaonekana mbovu.

Kipimo cha mwisho, na ndicho hakimu, ni presha. Azima au nunua geji ya presha ya petroli ya kufikia angalau psi 100, yenye kiungo cha njia tatu kinachoingia kwenye bomba la kwenda reli ya nozeli. Toa presha kwanza: chomoa soketi ya pampu, washa injini, iache ijizime yenyewe, piga starta tena sekunde mbili tatu, zima swichi, fungua waya hasi wa betri. Funga kitambaa kwenye kiungo, bana masikio mawili ya plastiki kwa vidole, sukuma ndani kidogo kisha vuta. Usitumie koleo, masikio yakivunjika unanunua bomba. Geji ikishakaa, rudisha soketi ya pampu na waya wa betri ndipo upige starta.

Kwa 1NZ-FE presha sahihi ni kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Zima injini, subiri dakika tano: isishuke chini ya kPa 147, psi 21. Wenye Corolla za zamani zenye 5A-FE, presha yenu hutegemea mpira wa vakyumu wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha: mpira ukiwa umechomolewa ni kPa 265 hadi 304, ukirudishwa injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inashuka hadi 206 mpaka 255. Injini za sindano ya moja kwa moja, kama Toyota D-4, zina pampu ya pili juu ya injini yenye presha kubwa mno. Hizo msiziguse kwa maelezo haya. Na dizeli ni habari nyingine kabisa.

Soma geji kwa subira. Presha iko chini na volti ni nzuri: soksi imeziba, au regyuleta iliyo ndani ya tenki inavuja, au pampu imechoka. Presha ni nzuri sailensa, lakini inaporomoka mwenzako akikanyaga mafuta ghafla: soksi au pampu. Presha kamili, ila inakimbia sekunde chache baada ya kuzima: ni vali ya pampu au nozeli inayovuja, toa plagi, iliyolowa petroli inakuonyesha nozeli. Presha kamili wakati wote na gari bado halina nguvu: rudisha kiti, pampu haina hatia.

Haya, geji imehukumu na pampu inatoka. Fanya kazi nje, mahali penye upepo, si gereji iliyofungwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa la jirani ukiwa bado haujaunusa. Watoto na sigara mbali. Kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono, maji hayafai. Tenki liwe chini ya robo. Betri iwe imefunguliwa kabla ya kufungua tenki, na mwanga uwe wa jua. Shika bati la bodi kwa mkono mtupu kwanza, umeme wa nguo uondoke.

Piga picha ya bomba na nyaya kabla ya kuvichomoa. Chomoa soketi na mabomba. Safisha tena vumbi. Kulingana na gari, utakuta boliti ndogo za spana namba 8, kwa kawaida nane kuzunguka bamba linaloshikilia pampu, au pete kubwa ya plastiki. Boliti zilegeze kidogokidogo kwa kukingamana. Pete igongwe kwa kipande cha mbao, si patasi ya chuma, cheche ndogo inatosha. Nyanyua bamba, kisha liinamishe ili mkono wa boya la geji ya kiasi cha mafuta upite bila kujikunja. Ukijikunja hata kidogo, geji ya dashibodi itakudanganya maisha yote. Acha petroli ichuruzike, funika tundu la tenki kwa kitambaa safi.

Tazama ndani ya tenki kabla hujaendelea. Ukiona matone yanayozunguka chini kama zebaki, hayo ni maji. Ukiona vumbi la kahawia, ni kutu au mchanga. Tenki lisafishwe sasa, vinginevyo unanunua pampu nyingine hivi karibuni.

Kuhusu spea. Unaweza kununua pampu tupu ukaihamishia kwenye nyumba ya zamani, au kununua mkusanyiko mzima, yaani pampu pamoja na nyumba yake. Nyumba ikiwa nzima, pampu tupu ya kiwanda kinachojulikana ni bora kuliko mkusanyiko mzima wa bei ya kutupa. Pampu ya mtumba iliyokaa rafu miezi kadhaa bila mafuta siishauri: ndani imekauka na kushika kutu. Kabla ya kulipa, pima omu kati ya miguu miwili. Kwa Toyota hizi ni kati ya 0.2 na 3.0. Linganisha kipenyo cha mdomo wa kutolea na upande wa soksi. Ukitaka kuona inazunguka, fanya hivyo ikiwa kavu haijagusa petroli, betri iwe mbali, unganisha na kuachia upande wa betri, na isifike sekunde 10.

Badilisha vitatu kwa pamoja: pampu, soksi, na oringi ya bamba, ile pete ya mpira inayozuia kuvuja. Oringi ya zamani ikishatoka huvimba, hairudi kwenye mfereji wake, na wengi hapo hukimbilia silikoni. Silikoni ya kawaida huvimba na kubanduka kwenye petroli na kuishia ndani ya soksi. Paka oringi mpya petroli kidogo tu, basi. Waya uliomo ndani ya tenki ukikatika, usiunge waya wa kawaida wala utepe, maana ganda lake huvimba na gundi huachia. Tumia waya uliokuja na pampu. Chanya na hasi visipishane: pampu ikizunguka kinyume itavuma vizuri na presha hutaipata.

Rudisha kwa mpangilio uleule. Boliti zikazwe kwa kukingamana, kwa mkono, si kwa nguvu zote. Bamba likipinda litavuja. Mabomba yaingie mpaka usikie klik, kisha yavute kuhakikisha. Unga soketi, unga betri. Kama gari lako huwasha pampu kwa swichi, fungua swichi na kuifunga mara tatu nne, kisha starta; kama haliwashi, piga starta tu. Ya kwanza inaweza kuwa ndefu kwa sababu bomba lina hewa. Soma geji ya presha tena na uandike namba.

Kifuniko cha bati na kiti visirudi bado. Uvujaji wa oringi hauonekani tenki likiwa chini ya robo, kwa sababu mafuta hayafiki juu. Nenda kituo cha mafuta madirisha yakiwa wazi, bila abiria nyuma, jaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe, endesha kilomita kadhaa zenye kona na matuta, simama, zima, pitisha kidole kavu kuzunguka bamba, kisha kinuse. Kikiwa kikavu na hakina harufu, bandika kifuniko kwa gundi yake, kaza pembe zote nne, ndipo kiti kirudi na watoto wakae.